Maneno ya Muziki Mpole

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kelele. Ngoma huvuma, radi hurindima, bahari huchafuka ikanguruma, mwenye hasira hufoka, mwenye kuita hupaza sauti, na mkutano uliovurugika huwa zogo, ghasia, rabsha au vurumai. Kila neno katika hayo lina mahali pake, na msemaji hodari hauchanganyi mvumo na mshindo. Lakini mpiga kanuni akimaliza taqsimu yake, akainua vidole ilhali nyuzi zingali zikitetemeka, waliomzunguka husema "tamu" au "laini", kisha maneno huwaishia. Aliyesikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyekuwa akiiwazia safari yake ya kesho, wote wawili husema neno lile lile.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, tunaishiwa kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya muziki mpole, au kwa sababu hatujajifunza kuyatumia? Nyuma ya swali hilo kuna la pili, ambalo ndilo linalolitoa jambo hili katika msamiati na kulitia katika maadili: je, sauti ndogo inatudai kitu sisi wenye masikio?

Kwanza tukubaliane juu ya tunachokizungumzia. Muziki mpole si kila muziki uliopunguzwa sauti. Wimbo wa arusini unaotoka katika vipaza sauti vikubwa, ukisikika kutoka mtaa wa pili, huwa mdogo masikioni bila ya kuwa mpole. Mpole ni muziki uliokusudiwa mtu aliye karibu, na ambao hupoteza kitu pindi unapolazimishwa kumfikia aliye mbali.

Muziki wa namna hiyo umekaa Unguja kwa muda mrefu. Yasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ili arudi kuwatumbuiza watu wa kasri. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, mojawapo ya vikundi vikongwe kabisa vya muziki katika Afrika ya Mashariki. Ala zilizopendwa katika fani hiyo, yaani kanuni, udi, nai na fidla, zilikuwa ala za chumbani. Chumba cha nyumba ya Mji Mkongwe, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kiliweza kuifungia nje kelele ya kichochoro na kuifungia ndani sauti ya uzi mmoja.

Itazame kanuni yenyewe. Ni sanduku bapa la mbao linalowekwa mapajani au juu ya meza, lenye nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huvaa vipande vidogo vya kudonolea katika vidole vya shahada, vikashikiliwa na pete. Katika lugha yetu jina lake ni lile lile la sheria na taratibu, na ninaliona jina hilo limestahiki, kwani ala hii haina pa kuficha ovyo. Uzi ulioguswa vibaya hausamehewi na jirani yake.

Katika taarabu ya zamani kikundi hufungua kwa bashrafu, ambapo wote hupiga pamoja pasi na kuimba. Kisha huja mahali ambapo mmoja huachiwa uwanja peke yake, akatembea katika rasti, bayati au hijazi bila ya mapigo ya kumwongoza, akienda na kurudi kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba anayoijua. Hiyo ndiyo taqsimu. Hapo ndipo wasikilizaji wetu wengi hukohoa, huamkiana na kuagiza kahawa. Sababu yake haiko mbali. Sisi ni watu wa shairi. Tumeuzoea wimbo kwa maneno yake, tukapima vina, tukachambua fumbo na kuuliza nani anasemwa. Taqsimu haina kina wala fumbo, na haimsemi mtu. Aliyelelewa kulisubiri neno huiona taqsimu kuwa ndiyo kusubiri kwenyewe.

Basi tuanze na fundo la kwanza, ambalo kila aliyejaribu kueleza muziki kwa Kiswahili amelikuta. Twasema "sauti ya juu" na "sauti ya chini". Ya juu kwa maana gani? Mwalimu akiwaambia wanafunzi wateremshe sauti, mmoja atapunguza nguvu, mwengine ataimba kwa unene zaidi, na wote wawili watakuwa wametii. Mambo mawili yamevalishwa kanzu moja. Ila Kiswahili hicho hicho, tukikirudia kwa utulivu, kina jozi mbili zinazolifungua fundo hilo. Sauti ni nene au nyembamba. Hilo ni jambo moja. Sauti ni kubwa au ndogo. Hilo ni jambo jengine. Uzi mnene wa udi hutoa sauti nene hata ukiguswa kidogo, na uzi mwembamba wa fidla hutoa sauti nyembamba hata ukikwaruzwa kwa nguvu. Tukizitenganisha jozi hizi tunaweza kusema mambo ambayo muziki mpole huyafanya kila mara: kwamba sauti ilikuwa nene lakini ndogo, mfano wa mvumo wa bahari usikikao usiku nyuma ya nyumba, au kwamba ilikuwa nyembamba na ndogo, lakini haikuwa dhaifu.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimewafundisha vijana wengi kanuni, udi na fidla, pamoja na kusoma noti. Noti hizo zina maneno yake ya Kiitaliano, kama vile piano kwa sauti ndogo na forte kwa sauti yenye nguvu. Sina ugomvi na maneno hayo. Yanafanya kazi yake, na kijana akiyajua anaweza kukaa na mpigaji wa nchi yoyote wakaelewana. Lakini neno la Kiitaliano humwambia apunguze kiasi gani, halimwambii apunguze kwa ajili ya nani. Hilo la pili lazima aambiwe kwa lugha aliyobembelezewa nayo.

Wala tusidhani fundo hili ni letu peke yetu. Waslovakia, watu wa nchi ya milima katikati ya Ulaya, wana neno ticho. Ni jina la ukimya. Hutumika pia kueleza kitendo kinachofanywa bila ya kelele. Na ndiyo amri wanayopigiwa watoto darasani ili wanyamaze. Watu hao hao wana filimbi ya wachungaji wa kondoo iitwayo fujara, ndefu kufikia kimo cha mtu au kumzidi, nayo ina matundu matatu tu. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi kubwa za binadamu zisizoshikika. Mpigaji huanza kwa pumzi kali inayoporomoka kutoka sauti nyembamba hadi nene, kisha hutulia katika sauti za chini zenye mvumo, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Anayetaka kuieleza filimbi hiyo kwa lugha ya wenyewe hana budi kulichukua neno ticho na kuitoa kwanza ile amri iliyomo ndani yake. Mfasiri anayelileta kwetu hupokewa na mkanganyiko ule ule, maana "kimya" nacho ni hali ya ufukwe usiku wa manane, na pia ni sauti ya mwalimu akipiga fimbo mezani. Lugha mbili zilizo mbali namna hii zimeiweka zawadi na amri katika neno moja. Jambo hilo si la kupuuzwa, na nitalirudia.

Kitenzi cha kutusaidia ni kusikia. Kwetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, baridi na maumivu. Sikio ni mlango mmoja tu wa kitenzi hiki. Mwili mzima una ruhusa ya kukipokea. Kisha kikanyooshwa kidogo kikawa kusikiliza, na tofauti yake ni kubwa: kusikia hutufika hata tukiwa tumelala, kusikiliza hutoka kwetu. Kelele hutosheka na kusikiwa. Muziki mpole, usiposikilizwa, hausikiki.

Hapa ndipo neno udi linaponipendeza. Wageni hushangaa kuona kwamba ala na ubani wa mti vina jina moja kwetu. Asili yake ni Kiarabu, ambako neno hilo maana yake ni mti au ukuni, na vyote viwili vimetokana na mti. Lakini ushirika wao unapita hapo. Anayefukiza udi huweka kipande kidogo juu ya kaa ndani ya chetezo, akauacha. Haupepei mbio mbio wala haukimbizi chumbani. Moshi hupanda, hutanda, hushika nguo, na asubuhi ya pili mtu huvaa kanzu yake akakumbuka alikokuwa. Moto ukizidi, udi huungua, na kinachobaki ni harufu ya kuni. Hivyo ndivyo inavyokuwa taqsimu iliyosogezewa kipaza sauti kikubwa kupita haja yake: imefika mbali zaidi, lakini imefika ikiwa kuni. Na tazama maneno tuliyoyapata bila ya kuyatafuta: kufukiza, kutanda, kushika, kufifia. Msikilizaji anayesema "sauti ilitanda" na anayesema "sauti ilishika" wamesema mambo mawili tofauti, na mpigaji anaweza kujifunza kitu kwa kila mmoja.

Kutoka ubanini tushuke pwani. Ushairi wetu ulikwishaikopa bahari zamani, kwani aina za tungo twaziita bahari. Muziki nao uende ukakope huko huko. Mvuvi na nahodha wana kujaa na kupwa, wana bamvua na maji mafu, wana shwari. Mimi napendekeza tuseme kwamba sauti ya ala hupwa. Iko tofauti baina ya kupungua na kupwa. Kinachopungua kimeondoka, kama mafuta katika taa. Kinachopwa kimejivuta, na katika kujivuta kwake hufichua yaliyokuwa yamefunikwa. Maji yakipwa pwani ya mashariki, wanawake wa Paje na Jambiani huteremka kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine huenda kuokota chaza na kuchokoa pweza. Kwa mgeni aliyekaa juu ya mchanga, bahari imekwenda zake na hapana kitu. Kwa wenyeji huo ndio wakati wa kazi. Vivyo hivyo sauti ya kanuni inapopwa: asiyejua hudhani wimbo umekwisha, na anayejua huinama.

Neno la mwisho katika mkopo huu ni kubembeleza. Muziki mpole wa kwanza ambao kila mmoja wetu aliusikia haukuwa wa kanuni wala wa udi. Ulikuwa sauti ya mama, bibi au yaya, iliyopimwa kwa pumzi za mtoto: mtoto akilia, sauti ilipanda kidogo kumfuata, alipolegea, ikashuka naye, hata ikabaki kuwa mguno. Kitenzi hicho hicho twakitumia kwa aliyefiwa, kwa aliyekasirika, na kwa mgonjwa anayekataa kula. Hakuna kubembeleza bila ya anayebembelezwa. Kwa hiyo anayesema kuwa mpigaji alikuwa akibembeleza ameshamtia mtu wa pili ndani ya muziki, na hili ndilo lile "kwa ajili ya nani" tulilolikosa katika noti.

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu atanisimamisha. Ataniuliza: mwaisifu sauti ndogo, lakini ni nani katika visiwa hivi aliyefundishwa kuwa na sauti ndogo? Hakuwa mwenye shamba, alikuwa mtumwa wake. Hakuwa bwana wa nyumba, alikuwa mwanamke aliyeambiwa kuwa sauti yake isivuke mlango. Je, kusifu upole si kuipaka sukari amri ya kunyamaza?

Pingamizi hili lina uzito, na halijibiwi kwa kuzunguka. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, katika ukoo wa asili ya utumwa, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Alihamia mjini, akaimba kwa Kiswahili katika fani ambayo katika kasri ilikuwa ya Kiarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Wimbo wake wa "Kijiti" ulihusu mauaji ya mwanamke, na namna sheria ilivyowaangukia wanawake wengine huku mtuhumiwa akitoroka. Shaaban Robert aliuona uhai huo unastahiki kitabu, akamwandikia wasifu. Baada yake akaja Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Sauti yake nzito yenye mikwaruzo, na mikono yake juu ya ngoma ya unyago, haikumwomba mtu ruhusa. Lau wawili hawa wangelilitii somo la sauti ndogo, majina yao tusingeliyajua.

Nalo liko tukio la karibu zaidi. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika kisiwani Unguja kwa hitilafu ya njia inayouleta kutoka bara kwa kebo ipitayo chini ya bahari, na haukurudi hadi Machi 2010. Mwaka 2008 nao kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima gizani. Vipaza sauti vilikoma, na mpenzi wa ukimya angeweza kudhani kuwa siku zake zimefika. Lakini pampu za maji nazo zilikoma, ndoo zikapangwa foleni, samaki wakaoza majokofuni. Wenye uwezo wakawasha majenereta, yakanguruma vichochoroni usiku kucha. Kimya kiliwaangukia wasiokuwa na pesa za mafuta, na kelele ikawa mali ya wenye nacho. Sijamsikia mtu aliyeuita muda ule shwari.

Kwa hiyo yatupasa tutenganishe, na sarufi yetu inatupa kisu cha kutenganishia. Kunyamaza ni kitendo cha mwenyewe. Kunyamazisha ni kitendo cha mtu juu ya mwengine, na kunyamazishwa ni hali ya aliyetendewa. Vitenzi hivi vimetoka katika shina moja, lakini kimaadili vimekaa mbali kama Unguja na bara. Muziki mpole ni wa upande wa kwanza. Ni sauti ya mtu ambaye angeweza kupaza, mikono yake ina nguvu hiyo na ala yake inaruhusu, akachagua kutopaza kwa sababu ya aliye mbele yake. Aliyezibwa mdomo hawi mpole, amezibwa tu. Hivyo upole haushindani na haki ya kupaza sauti, bali hauwezi kuwepo kabla ya haki hiyo. Siti alipoimba yaliyokuwa hayasemwi, aliwafungulia waliomfuata mlango wa kupaza, na mlango wa kupaza ukiwa wazi ndipo mtu anapoweza kunong'ona kwa hiari yake.

Mtu anaweza kusema kuwa neno letu jema basi liwe kutuliza. Hata hilo nalipokea kwa tahadhari. Mama hutuliza mtoto, na askari naye hutuliza ghasia kwa rungu. Kipimo kiko katika yanayofuata. Mtoto aliyebembelezwa akalala bado ana haki ya kuamka na kulia tena. Muziki unaotuliza kwa upole humwacha msikilizaji na maneno yake yote, pengine akiwa na mengi kuliko aliyokuja nayo.

Kwa sababu hiyo sitajiunga na wanaoilaumu taarabu ya kisasa, ile iliyoenea katika miaka ya 1990 na kuitwa rusha roho, eti kwa kuwa ina vinanda vya umeme na mipasho isiyo na stara. Mwanamke anayenyanyuka kutunza ubeti ulipofika pale alipopataka, akalipita jukwaa mbele ya amkusudiaye, pengine anasema jambo ambalo hana baraza nyengine ya kulisemea. Ukumbi ule una adabu zake, na sauti kubwa ni mojawapo. Hasara ipo pale tu tunapodhani kuwa adabu za ukumbi ule ndizo za kila chumba.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa muziki mpole naiona kwengine. Ni pale unapofanywa pambo. Mpiga udi huwekwa pembeni mwa mkahawa wa wageni jioni, akaombwa apige taratibu ili watu waweze kuzungumza. Ujira wake ni halali, na familia yake inaula. Lakini ametakiwa apige ili asisikilizwe, na hilo ni jambo geni katika historia ya ala ile. Sauti ndogo iliyokuwa ikimwita mtu asogee sasa inamruhusu asishughulike. Mnyamazishaji wa zamani aliikataza sauti. Huyu wa sasa hulipia sauti kisha akalikataza sikio. Neno "laini" limekuwa sifa ya muziki wa namna hii, kama vile twasifu mto wa kiti.

Sasa naweza kulijibu swali la pili. Sauti kubwa hutulazimisha. Tukiipenda tukiichukia, itatufika, na utiifu wetu kwake hauna thawabu. Muziki mpole hauna uwezo wa kulazimisha. Kikohozi kimoja hutosha kuuvunja, na mlango unaogongwa ovyo huumaliza. Kwa udhaifu wake huo, umetukabidhi amana: umeuweka uhai wake mikononi mwa walio chumbani. Tabia ya mtu haijulikani sana kwa namna anavyomtii asiyeweza kumkataa. Hujulikana kwa namna anavyomsikiliza asiyeweza kumshurutisha. Mzee ambaye sauti yake imekwisha, mgonjwa anayeomba maji, mtoto mwenye haya, mkulima aliyesimama mbele ya meza ya ofisi akisema shida yake kwa unyonge: hao wote huzungumza kwa sauti ya kanuni. Simaanishi kuwa kila apendaye taqsimu ni mwema; historia ya makasri inatosha kutukanusha. Namaanisha kuwa sikio lile ni moja, na asiyelizoeza popote halitamtumikia siku atakapolihitaji.

Yupo atakayesema: vyema, tusikilize, lakini tusiseme. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; yanini kuutia maneno muziki uliokwishayakimbia? Namheshimu mwenye rai hii, ila nina mambo mawili ya kumwambia. La kwanza ni kwamba kimya cha aliyesikiliza na kimya cha aliyesinzia, kwa mpigaji, vinafanana. Kumwambia "tamu" ni kumpa mkono na kupita. Kumwambia "uliporudi katika hijazi mara ya pili uliuacha uzi ukapwa mpaka nikaisikia pumzi yako" ni kumjulisha kwamba hakuwa peke yake. Huo ni ushahidi, na shahidi hatakiwi kusema mengi. Hutakiwa aseme alichokisikia yeye.

La pili ni juu ya wanaojifunza. Mpigaji mkongwe anayefariki huondoka na mambo ambayo hakuwahi kuulizwa, kwa kuwa hapakuwa na neno la kuulizia. Santuri za mwaka 1928 zimetuhifadhia sauti, hazikuhifadhi masikio ya waliokuwamo chumbani. Masikio hurithishwa kwa mazungumzo: kijana husikia, huambiwa alichokisikia, hukataa, husikia tena. Bila ya maneno atajua tu kwamba fundi wake alipendwa, hatajua kwa nini. Ataiga mikono, na mikono bila ya sababu hugeuka haraka kuwa mbio za vidole.

Kazi hii si ya wanamuziki peke yao. Sisi wa shairi tunawiwa, maana ndio tulioizoesha hadhira kulingoja neno. Tungeweza kuanza kwa jambo dogo. Baada ya taqsimu, katika nyumba ya rafiki au katika ukumbi wa klabu, pasiwe na haraka ya makofi. Kisha mmoja aseme ni wapi sauti ilijaa na ni wapi ilipwa. Mwengine aseme iliacha nini chumbani. Mpigaji naye aulizwe alikuwa akimbembeleza nani. Wengine watasema visivyo, nao watasahihishwa, kama tunavyosahihishana vina na mizani.

Ngoma ikilia sana hupasuka, nasi sote tumeusikia mpasuko huo. Uzi wa kanuni usiosikilizwa haupasuki. Hulegea siku baada ya siku, na siku utakapokatika hapana atakayegeuka, kwa kuwa hata kukatika kwake kutakuwa kwa sauti ndogo. Atakayeweza kusema ni uzi gani uliokosekana ni yule aliyekuwa na jina la sauti yake.